Mbwa Aliyechaguliwa kwa Debe

Mnyororo tuliukuta chini ya magunia, wiki ya pili baada ya kumzika Baba. Mimi na mdogo wangu Ochieng tulikuwa tunatoa vitu kwenye stoo ya nyumbani kwetu Mamboleo, pale Baba alipokuwa akisagia watu mahindi. Panya walikuwa wameshakula mikanda ya kinu na unga wa zamani ulikuwa umeganda ukutani. Ochieng akainua gunia la mwisho, akauvuta ule mnyororo, kutu ikamwagikia viatu. Harufu ikanifikia nikiwa mlangoni, chuma na mafuta ya samaki.

"Wa Radi," Ochieng akasema.

"Wa Radi," nikajibu.

Akapitisha kidole kwenye shavu lake la kushoto. Hufanya hivyo akiwaza jambo, hata akiwa darasani mbele ya wanafunzi wake. Kovu linaanzia chini ya sikio na kuishia pembeni mwa mdomo, na linamfanya aonekane kama anacheka upande mmoja. Kisha akautupa mnyororo nje, tukaendelea na kazi. Lakini mimi sikuendelea. Mikono ilibeba magunia, mwenyewe nilikuwa nimesharudi kwenye ua ule ule nikiwa na miaka tisa.

Ninyi wa rika langu mliokulia Kisumu mnajua wakati ule watu walivyokuwa wakiingiliwa nyumbani. Sisi walituingilia jioni, saa kumi na mbili, jua likiwa bado linaonekana. Mama alikuwa anasonga ugali. Waliingia wanaume watano wenye panga na rungu, na mmoja alikuwa amevaa sweta ya kike ya rangi ya waridi. Huyo ndiye alikuwa mkubwa wao. Walimpiga Mama mkononi kwa ubapa wa panga mpaka mwiko ukaanguka, halafu yule wa sweta akamgeukia Baba.

"Mbwa iko wapi?"

"Hatuna mbwa," Baba akasema.

"Nyumba kubwa namna hii, hamna mbwa? Basi wewe ndiyo mbwa. Bweka."

Baba akanyamaza. Wakamtandika rungu mdomoni, nikaona jino likiruka na kuangukia karibu na jiko. Wakamwambia tena. Basi baba yangu, mtu ambaye akikohoa sisi tunakaa kimya, akapiga magoti, akaweka mikono chini, akabweka. "Kwa nguvu!" wakamwambia, naye akabweka kwa nguvu, damu ikimtiririka kidevuni.

Ochieng, ambaye nyumbani tulimwita Ochi, akacheka. Alikuwa na miaka mitatu tu, jamani! Siku zote Baba alikuwa akimbeba mgongoni na kujifanya farasi, naye akadhani ni mchezo mpya umeletwa. Akapiga makofi. "Tena, Baba! Tena!" Wale watu nao wakacheka mpaka mmoja akajishika mbavu. Wakaondoka na redio, baiskeli na suti ya harusi ya Baba. Walipotoka, Baba alibaki vile vile, magoti na mikono chini, mpaka Mama alipomshika kwapa kumwinua. Aliposimama jambo la kwanza alilofanya ni kumzaba Ochi kofi lililomrusha hadi ukutani.

"Yawa!" Mama akapiga kelele. "Mtoto wa miaka mitatu anajua nini?"

Tangu siku hiyo Baba hakumbeba tena Ochi mgongoni.

Baada ya hapo Baba akawa na neno moja tu, mbwa. Si hawa koko wanaozurura sokoni, alisema, bali mbwa ambaye mtu akimwona anajikojolea. Akamwendea Mzee Oluoch, jirani aliyekuwa amestaafu kazi ya kushika mbwa wa polisi. Mzee Oluoch alikuwa na vidole vitatu na nusu mkono wa kulia, na sisi watoto tuliamini maneno yake yote kwa sababu ya ile nusu.

"Usichague mbwa na macho," akamwambia Baba. "Watoto wa mbwa wote ni wazuri. Wewe beba debe na nyundo. Ukifika piga debe. Yenye itakimbia, achana nayo. Yenye itabaki, hiyo ndiyo mbwa."

Basi tukaenda Milimani, mimi nimebeba debe na Baba nyundo, nyumbani kwa Mhindi mmoja mwenye kuuza mbao. Mbwa wake walikuwa wa ile aina inayoitwa Gret Deni. Jike aliposimama na kumwekea mwenyewe miguu mabegani, kichwa chake kilikuwa juu ya kichwa cha mtu. Nikajificha nyuma ya Baba. Watoto walikuwa saba, wengi wa kijivu na wenye madoa, na mmoja mweupe kabisa isipokuwa doa jeusi mgongoni.

Baba akaweka debe chini, akalipiga nyundo mara tatu. Loo! Vitoto sita vikatawanyika, vingine chini ya gari, vingine chini ya mama yao. Yule mweupe hakushtuka hata kidogo. Alikuwa amempa Baba mgongo, anatafuna kamba za viatu vyangu. Baba akapiga tena, karibu kabisa na kichwa chake. Mtoto wa mbwa akaendelea kutafuna.

"Huyu," Baba akasema. "Huyu hajui woga ni kitu gani."

"Huyo hapana, Bwana," mwenye mbwa akasema. "Hawa weupe huwa na shida. Chukua huyu wa kijivu."

Baba akanikonyeza. Tayari alikuwa ameshaamua kwamba Mhindi anataka kubaki na yule bora. Wakabishana, Baba akashikilia pale pale, mwishowe yule Mhindi akainua mabega akasema haya, chukua, lakini mimi nimekwambia. Baba akatabasamu na pengo lake. Tangu wale watu waingie kwetu sikuwa nimemwona akitabasamu. Nilimbeba yule mbwa kwenye katoni nikijiona nimebeba dawa ya nyumba nzima.

Njiani mvua ikatukuta, ile ya Kisumu ya saa tisa, na radi ikapiga karibu mpaka wanawake waliojibanza nasi barazani mwa duka wakaita jina la Yesu. Mbwa alikuwa amelala fofofo. Ndipo Baba akampa jina Radi.

Kumlea haikuwa kazi ndogo. Mzee Oluoch alituachia masharti, na Baba aliyashika yote. Mbwa alishwe na mkono mmoja tu. Asichezewe. Mchana afungwe mnyororo gizani, jioni afunguliwe, ili akimwona mtu amwone kama adui. Na yeyote anayemkaribia aanze kumwita jina lake kwa sauti, mara tatu, ndipo asogee. Hilo la mwisho Baba alitufundisha kwa fimbo. "Mwite kwanza! Mbwa mkubwa hashtukizwi!" Hata Ochi, aliyekuwa hajui kufunga vifungo vya shati, aliijua hiyo sheria.

Mkono uliochaguliwa kulisha ulikuwa wangu. Kila siku nilichemsha mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa, nikaisonga pamoja na ugali kwenye debe. Mama alikuwa akimlilia Baba kwa hasira. "Watu wa Nyalenda wanapanga foleni wapate hii mifupa wale na watoto wao, wewe unampa mbwa!" Radi akanenepa, akarefuka, akafika kiunoni mwangu, halafu kifuani. Viwiko vyake vikachubuka kwa sababu ya kulala kwenye simenti, nikawa namtandikia gunia la nyasi na kumpaka mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia. Nilimtoa kupe masikioni mmoja mmoja. Alikuwa akinilalia miguuni uzito wote mpaka miguu inakufa ganzi, na sikuthubutu kujisogeza.

Nilijua siku Mama alipoangusha sufuria. Alikuwa amezibeba tano, amezipanga, akateleza hatua mbili kutoka kwa Radi aliyekuwa amelala. Kuku waliruka ukuta. Ochi akalia. Mimi mwenyewe niliziba masikio. Radi alilala tu, ubavu ukipanda na kushuka.

Kesho yake nilisimama nyuma ya kichwa chake nikamwita. Nikamwita kwa nguvu. Nikagonga kijiko kwenye bati. Wapi! Kisha nikakanyaga chini kwa kisigino, puu, puu, naye akafungua macho pale pale na kuanza kupiga mkia. Nikarudia siku tatu mfululizo. Jibu lilikuwa lile lile. Kumbe ule ujasiri ambao Baba aliwasimulia wateja wote wa kinu, pamoja na wasiouliza, haukuwa ujasiri. Debe lilipigwa na mbwa hakulisikia, basi.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza swali hilo miaka mingi, na majibu ni mawili, yote ya kweli. La kwanza, Baba aliwahi kutia paka mgonjwa kwenye gunia na kulitupa mto Kibos mbele ya macho yangu, kwa hiyo nilijua mbwa mbovu anaishia wapi. La pili linanitia aibu zaidi. Nilipenda kuwa mimi peke yangu ninayemwamsha. Baba mwenye nguvu zote anaita mpaka mishipa ya shingo inamtoka, mbwa hageuki. Mimi kitoto nakanyaga chini mara mbili, jitu zima linainuka na kunifuata. Nilikuwa na enzi yangu ndogo pale uani na sikutaka kugawana na mtu. Hata Ochi, aliyekuwa akinifuata kila mahali akikanyaga-kanyaga na kucheka, nilikuwa nikimfinya na kumfukuza.

Radi ndiye aliyelipia hiyo siri yangu. Baba alikuwa anamwita, "Radi! Njoo!" na mbwa ametazama upande mwingine. Mara ya tatu Baba alikuwa anachukua kiboko. Alimchapa mgongoni, mbavuni, puani. Radi hakuelewa kipigo kinatokea wapi wala kwa nini, alijizungusha tu akitafuta nyuki asiyemwona. Mzee Oluoch alikuja mara moja akatazama na kusema, "Iko na kichwa ngumu. Mbwa ya kazi huwa hivyo. Wewe endelea, itashika." Basi Baba akaendelea. Nami nilisimama mlangoni nikishika fremu, ulimi umeganda, nikihesabu mapigo. Siku moja nilifika ishirini na sita. Usiku huo nilimpaka Radi mafuta kwenye vidonda, akanilamba mkono ule ule ninaoandikia sasa.

Mwishowe alijifunza kitu kimoja. Mkono wa Baba ukipanda tu, Radi alilala chini tumbo likigusa mchanga. Baba akafurahi. "Mnaona? Ameshika!" akasema, na kuwaita watu barabarani waje kuona.

Ilitokea Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Wiki hiyo jirani alikuwa amevunjiwa nyumba mchana kweupe, na Baba akasema masharti ya Mzee Oluoch tuyaache kidogo, Radi ashinde amefunguliwa. Mbwa akalala kwenye kivuli cha kinu, mgongo akiwapa watu. Mama alikuwa ananisuka barazani. Kichwa changu kilikuwa kimebanwa katikati ya magoti yake, kwa hiyo Ochi nilimwona upande upande. Alikuwa na andazi mkononi, nusu ameila na nusu amebakiza. Alikuwa na miaka mitano.

"Radi!" akaita. "Radi! Radi!"

Mara tatu, kwa sauti, kama alivyofundishwa. Nilisikia nikataka kuinuka. Mama akanivuta nywele, "Tulia wewe!" Na mimi, Mungu anisamehe, nikatulia, maana kusema kwa nini nainuka ilikuwa ni kusema yote. Nilidhani Ochi ataishia pale.

Hakuishia pale. Alisogea akamwekea mkono shingoni.

Radi aliamka akiwa ameshauma. Sijui kusema vingine. Hakuona ni nani, kwake mkono kutoka nyuma ulikuwa ni kiboko. Mara moja tu, halafu akaachia na kurudi nyuma mkia tumboni. Lakini mdomo ule ulikuwa mkubwa kuliko uso wa Ochi. Shavu lilifunguka kutoka sikioni hadi mdomoni, nikaona meno ya nyuma ya mdogo wangu kupitia mahali ambapo meno hayaonekani. Mwanzo hakulia. Alishika andazi lake na kutazama damu ikililowesha.

"Uwii! Mayoo!" Mama alinisukuma, akavua leso, akakifunga kichwa cha Ochi na kukimbilia barabarani naye kifuani. "Njoo! Achana na mbwa, njoo kwa mtoto!" alimwita Baba akiwa anakimbia. Baba hakwenda. Alikuwa ametoka ndani ya kinu na mtaimbo mikononi.

Radi alikuwa amekuja kwangu. Alijibana miguuni pangu akitetemeka. Baba alipoinua ule mtaimbo, yeye akafanya alichofundishwa: akalala chini, tumbo kwenye mchanga, akangoja.

Pigo la kwanza lilivunja mguu wa nyuma. La pili lilimpata mgongoni. Mlio alioutoa sijawahi kuusikia tena kwa kiumbe yeyote, na Baba alikuwa anapiga huku anapiga kelele, "Si nilikwambia! Si nilikwambia!" Watu walikuwa wameshajaa kwenye ua wa michongoma. Wengine wanasema muue, wengine wanaficha macho ya watoto. Damu ilinirukia kwenye gauni la kanisani. Ndipo ulimi ukafunguka, baada ya mwaka mzima.

"Ni kiziwi, Baba! Radi ni kiziwi! Hakuwa anasikia!"

Mtaimbo ukasimama juu. Baba alinitazama kama ameamshwa usingizini. Kisha akautupa mtaimbo, akaingia ndani ya kinu, akatoka na lile debe la Milimani na nyundo. Akaenda nyuma ya kichwa cha Radi, akachutama, akapiga. Kuku wakatawanyika. Watu wa kwenye ua wakashtuka. Radi alikuwa bado anapumua, macho yamefunguka na kunielekea mimi, na sikio lake jeupe halikutikisika. Baba akapiga tena. Akapiga tena. Alipiga mpaka debe likatoboka, machozi yakimwingia kwenye pengo la mdomo, na hakuna mtu aliyethubutu kumwambia aache. Alipoacha, Radi alikuwa ameshakata roho.

"Ulijua?" akaniuliza, bado amechutama.

"Hapana," nikasema. "Nimefikiria sasa hivi tu."

Ningependa kuandika kwamba Baba alibadilika. Hakubadilika. Alimzika Radi mwenyewe, hatukufuga mbwa tena, na aliendelea kutuchapa mpaka nguvu zilipomwisha. Ochi alishonwa, akapona, akaenda shule wakamwita Kicheko, akapigana na kila aliyemwita hivyo. Mimi niliolewa, nikazaa, nikazika wazazi wote wawili. Lile "hapana" nilienda nalo kote huko.

Tulipomaliza stoo jua lilikuwa linashuka. Ochieng alikaa kwenye kizingiti akifuta jasho, mnyororo uko miguuni pake. Nikasema kabla sijapata muda wa kuogopa.

"Ochi, mimi nilijua. Kuhusu Radi. Nilijua ni kiziwi muda mrefu kabla ya siku ile. Sikumwambia mtu."

Alichukua kipande cha mnyororo akawa anakigeuza.

"Ndiyo maana ulikuwa unakanyaga," akasema.

"Ulikuwa unaona?"

"Kila siku nilikuwa naona. Unakanyaga mara mbili, ndiyo unamshika. Nilidhani ni salamu yake. Nilidhani mbwa mkubwa anataka heshima yake." Akapitisha kidole kwenye kovu, polepole, mpaka mwisho wake. "Siku ile nilimwita vile Baba alisema, lakini nilikuwa nawaza andazi. Nikasahau kukanyaga. Dada, miaka yote hii najua ni makosa yangu. Kwamba Radi alikufa kwa sababu mimi nilisahau kukanyaga."

Nikakaa karibu naye pale kizingitini, nikamshika lile shavu ambalo tangu utoto hamruhusu mtu kuligusa. Aliniachia.